Somo: Kuonja bita ya Kiingereza kwenye pabu, hatua kwa hatua

Wengi wetu tulioko Uingereza tumezoea Tusker, Safari na Kilimanjaro. Tukipewa bita kwa mara ya kwanza tunasema imeharibika: haina gesi, haina baridi. Haijaharibika. Ni bia inayoendelea kuumuka ndani ya pipa lake hadi siku ya kuuzwa, na ina namna yake ya kunywewa.

Hatua ya 1: Tafuta mpini. Juu ya kaunta kuna mipini mirefu inayovutwa kwa mkono. Hiyo ndiyo inayopandisha bita kutoka kwenye mapipa yaliyo stoo ya chini. Kila mpini una kibao chenye jina na kiwango cha kilevi. Kwa kuanzia, London Pride ya Fuller's (asilimia 4.1) au Sussex Best ya Harvey's (asilimia 4) zinatosha kabisa. Chagua pabu yenye wateja, tena hilo ni muhimu kuliko jina la bia. Pipa likishaanza kutumika, hewa huingia kila painti inapovutwa, na baada ya siku tatu hivi ladha huanza kushuka. Pabu tupu, bita iliyochoka.

Hatua ya 2: Agiza kaunta, lipa hapohapo. Painti ni mililita 568. Nusu painti inaruhusiwa na hakuna atakayekushangaa. Pabu nyingi zitakupa kidogo uonje bure ukiomba.

Hatua ya 3: Itazame, kisha inuse. Rangi iwe ya shaba, na bia iwe ang'avu. Ukinusa utapata kwanza kimea cha shayiri, harufu kama ya biskuti iliyotoka jikoni sasa hivi. Nyuma yake kuna hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, za aina ya Fuggle au Goldings: majani, udongo, ganda la chungwa.

Hatua ya 4: Piga funda la kweli. Usidonoe. Uchungu wa bita huja mwishoni, ukishameza, kwa hiyo kulamba tu hakukuonyeshi kitu. Utamu wa kimea unatangulia, kisha uchungu unapanda taratibu na kukausha ulimi, mpaka mkono wenyewe unarudi kwenye glasi. Funda la kwanza lisikupe hukumu. Ngoja la tatu.

Ikinuka siki, irudishe kwa upole. Watakubadilishia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, kwa nini wasiipoze tu kama bia nyingine?
Jibu: Hutolewa kwenye nyuzi 11 hadi 13 hivi. Ile ni baridi ya stoo, si joto la chumbani kama watu wanavyodhani. Ikipozwa zaidi, ulimi unakufa ganzi na harufu ya hopsi inajificha. Tafadhali usitie barafu.

Swali: Niko Leeds, huku povu ni zito kama krimu, London halikuwa hivyo. Nani anakosea?
Jibu: Hakuna. Kaskazini hufunga kifuniko chenye vitundu kwenye mdomo wa pampu, bia inatoka ikiwa imechanganyika na hewa. Mimi napenda ya kusini, uchungu unasikika wazi zaidi, lakini ndugu zetu wa huko kwenu Yorkshire hawatakubali.

Swali: Dada yangu hali chochote cha mnyama wala samaki. Anaweza kunywa?
Jibu: Aulize kwanza. Bita nyingi husafishwa kwa gundi ya kibofu cha hewa cha samaki, ambayo huzamisha hamira chini ya pipa. Siku hizi wapo watengenezaji walioacha, na mhudumu anayejua kazi yake atamwelekeza.

Swali: Kwa nini baadhi ya baa hazina hiyo mipini kabisa?
Jibu: Pipa la bita linataka uangalizi wa kila siku. Miaka ya 1960 viwanda vikubwa vilisukuma bia ya gesi isiyosumbua, na bita ya pipa ikaanza kupotea. Mwaka 1971 wanywaji wakaunda CAMRA kuitetea. Chama hicho kipo hadi leo, na kila mwaka hutoa mwongozo wa pabu zenye bia nzuri. Mgeni wa mji aanzie humo.