Kabla hujaingiza ua jipya ndani

Anza na nyumba yako, ua baadaye. Simama sebuleni saa nne asubuhi, rudi tena saa tisa alasiri, uone jua linapita dirisha gani na linaishia wapi. Kona ambayo mchana huwezi kusoma gazeti bila kuwasha taa, iache. Ua halitaishi pale.

Jijue na wewe. Mtu wa safari au wa kusahau achukue zamiokulkasi, lile lenye majani manene yanayong'aa. Ni mmea wa kwetu Afrika Mashariki, na viazi vyake vya chini hutunza maji, kwa hiyo ukiunyima wiki mbili hauna neno. Kinachouua ni kumwagiliwa kila siku. Yale maua madogo ya zambarau ya Usambara nayo ni ya kwetu, Wajerumani waliyatoa Tanga miaka ya 1890 na leo yamejaa madirishani Ulaya, lakini yamezoea kivuli na ubaridi wa mlimani. Usiyaletee joto la Dar la Januari.

Una mtoto anayetambaa? Difenbakia, lenye majani mapana yenye mabaka meupe, lipite. Ndani yake mna fuwele kama visindano. Mtoto akitafuna, mdomo na ulimi vinavimba.

Chungu kiwe na matundu chini. Hapo hakuna mjadala.

Sasa hili la wadudu, lisome taratibu.

Miaka mitatu iliyopita nilinunua krotoni kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara, jioni, kigiza kinaingia. Majani mekundu na manjano, zuri mno. Kwenye kikonyo cha jani kimoja niliona kitu cheupe, nikauliza. "Dada, hilo vumbi tu, ukimwagia maji linatoka." Nikalipa. Nikafika nyumbani nikaliweka dirishani katikati ya wenzake, majani yanagusana.

Baada ya wiki kadhaa wakaja sisimizi. Nikawa nawafagia kila asubuhi bila kujiuliza wanafuata nini. Kisha sakafu chini ya dirisha ikaanza kunata, ukipita peku unasikia mguu unashikwa. Siku nilipogeuza jani la begonia nikakuta mstari wa pamba nyeupe kando ya mshipa. Nikaigusa kwa njiti ya kiberiti, ile pamba ikatembea.

Ni vidung'ata, jamaa ya wale wanaosumbua muhogo. Wananyonya maji ya mmea na kutoa utomvu mtamu, na ndio unaonatisha sakafu. Sisimizi wanaupenda, kwa hiyo wanawalinda wadudu hao na hata kuwahamishia mimea mingine.

Ile begonia mama aliitoa Lushoto, kipande cha shina kilichoviringishwa kwenye khanga yenye unyevu, akakipakata kwenye basi njia nzima. Nilikata matawi, nikafuta kila kikonyo kwa pamba na spiriti, nikaosha kwa maji ya sabuni. Shina likalainika, likalala. Kila mama akipiga simu alikuwa anauliza, "Ua langu halijambo?" Nilichelewa sana kumwambia.

Basi nenda kitaluni mchana. Geuza majani matatu manne, tazama vikonyo na ncha changa. Nyanyua kiriba uangalie mizizi inayotokeza: iliyo thabiti na ya rangi hafifu ni mizima, nyeusi inayonuka imeoza. Muuzaji akikuharakisha, ondoka. Ukifika nyumbani, mgeni akae chumba chake peke yake wiki nne. Mkague kila baada ya siku tatu, nawa mikono kabla hujagusa wengine. Ukiona mdudu mmoja tu, toa spiriti siku hiyo hiyo, usingoje Jumamosi.

Kubeba: bajaji ni bora kuliko bodaboda, upepo unachana majani. Usiliache kwenye gari lililofungwa juani wakati wewe umeingia sokoni. Usilihamishe chungu siku hiyo hiyo, wala usilipe mbolea. Liache lipumzike kwanza. Maji ya kisima yenye chumvi yanaunguza ncha za majani na kuacha ukoko mweupe juu ya udongo, kwa hiyo kinga maji ya mvua ukiweza. Ukikata tawi, usijishike macho kabla hujanawa, mimea mingi ina utomvu mkali. Paka naye umwangalie, hasa kama anapenda kutafuna. Na kile kisahani cha chini ya chungu kimwage kila siku. Mbu wa dengi wanazaliana kwenye maji kidogo kama hayo, na Dar tuliugua mwaka 2014, tukaugua tena 2019.