Mifugo Ikiibwa: Namna ya Kuzuia Isigeuke Vita vya Makabila

Utaratibu huu ni wa kaskazini mwa Kenya, ambako Wasomali, Waborana na Wasamburu hutegemea visima na malisho yale yale.

Mpigie chifu na kamati ya amani papo hapo. Taja idadi, rangi, chapa, mkato wa masikio na nyayo zilikoelekea. Usiseme "Waborana wameiba". Sema ng'ombe 12 wamevuka laga (mto mkavu) fulani alfajiri. Kabila likishatajwa, vijana hushika bunduki, na wazee hapo wameshachelewa.

Nyayo zifuatwe na wazee wa pande zote mbili, bila silaha. Zikiingia eneo la jirani, wenyeji ndio waendeleze msako. Msingoje kesho: upepo hufuta kila kitu, na mifugo mingine ikipita juu yake ndiyo basi.

Mtu akiuawa, Azimio la Modogashe la 2001, yaani makubaliano ya amani ya jamii za eneo hili, liliweka fidia ya ng'ombe 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke (tofauti isiyoteteeka, kwa maoni yetu). Ukoo mzima huchanga, kwa hiyo kila mmoja ana sababu ya kuwazuia vijana wake. Lakini muuaji asiyeguswa mwenyewe hurudia. Akabidhiwe polisi vilevile.