Baada ya kuwekewa vyuma kifundo cha mkono: maumivu yasije yakawa sugu
Mfupa unaweza kuunga vizuri na mkono ukaendelea kuuma. Walio hatarini zaidi ni wanawake, waliosagika mfupa vipande vipande, wenye maumivu ya muda mrefu mahali pengine, na wenye sonona au hofu. Hofu si jambo dogo: anayeogopa kuchezesha vidole ndiye vinavyomkakamaa.

Dalili kubwa kwamba maumivu yanaelekea kuwa sugu ni maumivu makali yasiyotulia wiki za mwanzo. Kwa hiyo meza dawa kwa saa ulizoandikiwa, usingoje uzidiwe. Siku za mwanzo laza mkono juu ya mito, upite usawa wa moyo. Kila saa ukiwa macho, kunja ngumi kamili kisha nyoosha vidole, mara 10. Chezesha na bega. Mkono ukining'inizwa kutwa nzima, bega nalo linaganda.

Plasta ikibana, vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi, nenda hospitali papo hapo, hata kama ni usiku. Aliye Kongwa au Mpwapwa aanzie hospitali ya wilaya, asingoje tarehe ya kliniki Dodoma mjini. Mkono ukivimba, ngozi iking'aa, na hata shuka ikigusa unaungua, mwone daktari wiki hiyohiyo, mazoezi ya tiba yaanze mapema.