Kabla hujafunga sanduku la Perth

Kila ndugu anayenipigia simu kusema anakuja Perth huuliza: nilete nguo gani? Nami humuuliza langu: unakuja mwezi gani, na umezoea kuamka saa ngapi? Mji huu, makao makuu ya jimbo la Australia Magharibi, hauna upungufu wa mambo ya kutazama. Unachodai ni saa. Mgeni anayeuendea kwa mwendo wa likizo, aamke saa nne, anywe chai taratibu, atoke saa saba, atarudi kwao akisimulia upepo na maduka yaliyofungwa.

Anza na mwezi. Aliyekulia Njombe hahitaji kufundishwa kwamba Juni na Julai ni baridi. Aliyekulia Mombasa alete koti, na liwe la kuzuia mvua, kwa sababu mvua za Perth hunyesha miezi hiyohiyo ya baridi. Desemba hadi Februari ni joto kavu linalovuka nyuzi 35 bila shida, siku nyingine 40. Si joto la Dar la kuloa jasho. Hili linakukausha midomo na hujui umeishiwa maji mwilini hadi kichwa kianze kugonga. Mimi huwashauri watu Septemba na Oktoba, maua ya porini yamechanua na jua halijakasirika.

Urefu wa siku nao huwapiga chenga watu wa ikweta. Desemba jua huchomoza karibu saa kumi na moja alfajiri na kuzama saa moja na robo usiku; Juni huchelewa hadi saa moja na robo asubuhi, na saa kumi na moja na nusu jioni jua limeshazama. Anayefuata nyakati za swala apange kwa ratiba ya hapa, asikisie, na akumbuke kuwa kibla cha Perth kiko kaskazini-magharibi. Msikiti wa barabara ya William, mtaa wa Northbridge, ulianza kujengwa 1905 na waendesha ngamia waliokuja kutoka pande za Afghanistan na India ya wakati ule. Ni mahali pazuri pa kuulizia chakula halali, na ni historia yenyewe.

Viza ya utalii, ile ya namba 600, huombwa mtandaoni. Iombe mapema, miezi kabla ya safari, wala usilipie tiketi isiyorudishwa kabla hujapata jibu. Wanachotaka kuona ni sababu ya wewe kurudi nyumbani: kazi, biashara, watoto, shamba. Weka na taarifa za benki. Ukitokea Kenya, Uganda au Kongo, beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo iwe imepita siku 10. Bima ya afya ya safari usiibane, matibabu ya huku kwa mgeni ni ghali.

Halafu sanduku. Hapa ndipo nina kisa. Shangazi alikuja na korosho za kukaanga, kikapu cha ukindu na chupa ya asali ya Tabora iliyofungwa kwa nailoni mara tatu. Nilikuwa nimemsisitiza kwenye simu: shangazi, ile fomu ya abiria inayouliza kama una chakula au vitu vya mimea, jibu ndiyo, hata kama ni karanga za mfukoni. Akajibu ndiyo. Ofisa akavaa glavu, akakigeuza kikapu chini ya taa akitafuta tundu za wadudu, akapitisha kidole kwenye kila mshono, akakirudisha. Korosho zikarudi. Asali ikabaki, kwa kuwa jimbo hili linalinda nyuki wake na asali ya kutoka nje hairuhusiwi, hata ile ya majimbo mengine ya Australia. Shangazi alinung'unika hadi nyumbani, lakini hakulipa hata senti. Angejibu hapana, ingekuwa faini kubwa, na viza yenyewe ingeweza kufutwa. Kinyago, mkeka, ungo, mbegu, matunda: vyote vitangaze.

Ukishatoka uwanjani, usikimbilie teksi. Tangu 2022 kuna reli kutoka uwanja wa ndege hadi katikati ya mji, na mjini mabasi yaitwayo CAT hayatozi nauli. Nunua kadi ya nauli iitwayo SmartRider kama utakaa zaidi ya siku mbili tatu. Gari kodi siku ya kutoka nje ya mji tu, na uliza mapema kama wanakubali kadi yako, kwa kuwa wengi hutaka kadi ya mkopo kwa ajili ya dhamana. Kuendesha hakutakusumbua, ni kushoto kama kwetu.

Sasa upepo. Siku za joto, nchi kavu ikishapata moto, hewa yake hupanda na hewa baridi ya bahari huingia kuchukua nafasi, ikitokea kusini-magharibi. Wenyeji wanauita Daktari wa Fremantle, kwa jina la mji wa bandari ulio jirani, maana unawaponya na joto. Kwa mtu wa mwambao anayejua kusi na kaskazi ni jambo la kawaida, ila huu hauvumi mfululizo msimu mzima: hufika mchana na kuondoka usiku, siku baada ya siku. Basi asubuhi ni ya bahari, mchana ni wa kivuli. Ukiipindua ratiba hiyo utakula mchanga ufukweni.

Na penye sababu kubwa kuliko zote za kuamka mapema ni kisiwa cha Rottnest. Boti kutoka Fremantle huchukua kama nusu saa. Ile ya kutoka katikati ya mji hufuata mto Swan kwanza, kwa hiyo ni saa moja na nusu. Kata tiketi ya boti ya kwanza, siku kadhaa kabla, hasa shule zikifungwa. Magari binafsi hayaruhusiwi kisiwani, watu huzunguka kwa baiskeli, na hapo ndipo Daktari anapokukuta: asubuhi unateleza kama uko Paje, saa nane unakanyaga pedali huku umesimama palepale. Mama asiyepanda baiskeli asijali, kuna basi linalozunguka kisiwa.

Watakuonyesha kwoka, kijinyama cha jamii ya kangaruu, ukubwa wa paka, uso kama unacheka. Mholanzi Willem de Vlamingh aliwaona mwaka 1696 akadhani ni panya wakubwa, ndipo kisiwa kikaitwa kiota cha panya. Piga picha, ila usimguse wala usimpe chipsi. Ni kosa na faini ipo. Lakini kisiwa kina jina la kale zaidi, Wadjemup, kwa lugha ya Wanoongar, wenyeji asilia wa huku, maana yake mahali ng'ambo ya maji zilipo roho. Kuanzia 1838 serikali ya kikoloni ilikifanya jela ya wanaume na wavulana wa jamii za wenyeji asilia, wakaletwa karibu 4,000 kutoka kila pembe ya jimbo, wengine hawajawahi kuona bahari. Wasiopungua 373 walifia huko, na makaburi yao yapo. Watalii wengi huondoka na picha ya kwoka bila kulijua hilo. Tenga nusu saa ukasimame pale.

Fremantle yenyewe panga Ijumaa, Jumamosi au Jumapili, siku ambazo soko lake la tangu 1897 huwa wazi. Ukija Jumatano kwa ajili ya soko utakuta mlango. Gereza la Fremantle, lililojengwa na wafungwa walioletwa kutoka Uingereza na kufungwa 1991, liko kwenye orodha ya urithi wa dunia. Ziara ya mahandaki yake, mita 20 chini ya ardhi, inataka nafasi uliyoweka kabla na viatu vya kufunga. Ukiwa na mchana wa joto kali, ingia makumbusho ya meli zilizozama uone mbao za Batavia, meli ya Kiholanzi iliyopasuka 1629 ikielekea Java.

Bustani ya Kings Park haina kiingilio na haina haraka, hekta 400 juu ya kilima, zaidi ya nusu yake msitu wa asili. Nenda asubuhi ukamwone ndugu yetu: mbuyu. Ndiyo, mbuyu. Ni wa aina ya Australia, lakini tumbo ni lilelile na matawi ni yaleyale ya juu-chini. Mwaka 2008 ulikuwa unazuia ujenzi wa daraja huko Kimberley, kaskazini mwa jimbo; watu wa Gija, wenyeji asilia wa huko, wakautoa, ukasafirishwa kwa lori zaidi ya kilomita 3,000, tani 36, ukapandwa hapa. Inakisiwa una miaka 750. Bado una makovu. Shangazi aliushika shina akaniuliza kama huku nako watu huogopa kupita chini yake usiku.

Ukitoka kwenda Pinnacles, nguzo za chokaa zilizosimama jangwani karibu na mji mdogo wa Cervantes, ni kama kilomita 200 kaskazini. Jaza tangi, beba maji, na neti ya uso ukija wakati wa nzi (utanishukuru). Mwanga mzuri wa picha ni machweo, ila kangaruu nao huvuka barabara saa hizohizo, na kangaruu si kuku. Lala Cervantes, au ondoka jua likiwa bado juu.

Madogo: soketi ni za pini tatu bapa, mbili zimekaa mshazari, adapta yako ya kwetu haitaingia. Maji ya bomba yanakunywika. Jumapili maduka mengi hufunguliwa saa tano na kufungwa saa kumi na moja jioni, na majiko mengi ya mikahawa huzimwa mapema. Ukiogelea, kaa kati ya bendera zenye rangi mbili, nyekundu na njano, huo ndio ukanda wanaoulinda waokoaji. Mafuta ya jua paka hata kama ngozi yako ni nyeusi tii. Dharura ni 000.

Jioni ya mwisho nenda ufukwe wa Cottesloe. Sisi bahari hii tunaijua kama mahali jua linapotokea. Hapa linazama humo humo, Bahari ya Hindi ileile. Beba sweta, jua likishazama tu utalihitaji. Na kama utapiga simu nyumbani kuwaonyesha, kumbuka tumewatangulia saa tano: Dar itakuwa bado mchana, utawakuta kwenye wali.