SOMO: Kausha punje za plastiki ya PLA kabla ya kuyeyusha

Kila wiki naulizwa kwa nini vikombe vya PLA vinakatika kama biskuti, naandika mara moja iishe. Mashine haina tatizo. Punje zako zina maji. PLA ni poliesta, minyororo mirefu ya asidi ya laktiki, na kwenye joto la kuyeyushia maji huikatakata minyororo hiyo. Unyevu ushuke chini ya 0.025%, yaani gramu 25 kwa kilo 100.

1. Mfuko ufunguliwe siku ya kazi tu.

2. Safisha hopa, chombo cha juu cha kumiminia punje.

3. Kausha. Kwanza zitazame punje. Zenye weupe wa maziwa zina fuwele, yaani minyororo imejipanga kwa mpangilio: nyuzi 80 za Selsiasi, saa nne. Zinazong'aa kama kioo hazina, na zikipita nyuzi 55 hivi hulainika. Niliwahi kuweka kilo 20 za aina hiyo kwenye nyuzi 80 nikaenda kula. Niliporudi ni bonge moja, umbo la hopa yenyewe, nikalitoa kwa patasi hadi magharibi. Punje hizo za kioo ni nyuzi 45 mpaka 50, usiku kucha. Na tumia kikaushio cha hewa kavu! Oveni ya kawaida hapa Dar wakati wa masika inazungusha unyevu uleule.

4. Yeyusha kwa nyuzi 180 hadi 210.

5. Ukimaliza, isukume PLA yote itoke kwa polipropilini, plastiki nyingine. PLA ikikaa kwenye moto inaungua.

MASWALI

– Nimekausha saa moja, bado mapovu. Nifanyeje?
Hatua ya 3. Saa nne kwa zenye fuwele, usiku kucha kwa za kioo.

– Mimi huanika juani na inakubali.
Kutoka kwenye kalibu si kudumu. Kikunje hicho kikombe uone.

– Mkuu, kama maji yanaikata, mbona niliyofukia shambani haiozi?
Umeuliza jambo la maana. Hata kwenye mboji maji ndiyo huanza, bakteria hula vipande vifupi baadaye. Ila kasi inategemea joto. Mboji ya kiwandani hufika karibu nyuzi 60, minyororo inalegea, maji yanapenya. Udongo wa nyuzi 27 utaikalia miaka. Tusiwadanganye wateja kwamba watupe popote. Ukitaka ya kuoza udongoni, soma kuhusu PHB, poliesta ambayo bakteria wenyewe hujiwekea kama akiba. Maurice Lemoigne aliieleza Ufaransa miaka ya 1920.

– Na mabaki niliyosaga?
Mengi hayana fuwele, yahesabu kama punje za kioo. Changanya kidogo kidogo na mpya, maana yameshapita motoni mara moja.