Somo: OpenStack nzima ndani ya mashine pepe moja

Wakuu, swali la "nimesakinisha DevStack, mbona haifikiki?" nimelijibu hadi majibu yangu yanafanana neno kwa neno. Nayaweka yote hapa. Kwa wageni: OpenStack ni programu huria za kujenga wingu lako mwenyewe, na DevStack ni hati za kuisakinisha kwa majaribio. Atakayeuliza tena nitamtumia kiungo tu.

Natumia VirtualBox (programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta) na Ubuntu Server 24.04.

1. Washa VT-x au AMD-V (uwezo wa kichakataji kuendesha mashine pepe) kwenye BIOS.

2. Unda mashine pepe: RAM GB 8 au zaidi, viini 4, diski GB 60. Kama kompyuta yako nzima ina GB 8, usianze. Utateseka bure.

3. Sakinisha Ubuntu, weka alama kwenye OpenSSH ili uweze kuingia kwa mbali.

4. Mtandao. Hapa nilipoteza wikiendi nzima, kwa hiyo soma taratibu.

VirtualBox hukupa kadi moja ya mtandao ya NAT (mashine hutoka nje, lakini nje hakuingii), na mashine hupata 10.0.2.15. Intaneti inapatikana, kila kitu shwari. Nikaendesha stack.sh, hati ya DevStack inayosakinisha kila kitu, hivyohivyo, ikamaliza bila kosa hata moja. Nikafungua kivinjari: kimya. Anwani hiyo haifikiki kutoka kompyuta mwenyeji. Nikaongeza kadi ya pili, dashibodi ikafunguka, nikashangilia mapema. Nilipojaribu amri ya `openstack` kutoka nje, ilipewa tokeni (kibali cha kuingia) vizuri, kisha ikaelekezwa 10.0.2.15 na kuganda. DevStack ilikuwa imeshaandikisha anwani hiyo kwenye Keystone, huduma ya utambulisho ya OpenStack, kuwa mlango wa kila huduma. Nilihangaika kubadilisha faili moja moja, nikaishia kufuta yote.

Basi panga mtandao KABLA ya kusakinisha DevStack. Kadi ya kwanza NAT, ya pili Host-only (huunganisha mashine na kompyuta mwenyeji tu). Ndani, kwa kawaida ya pili huitwa enp0s8. Hakikisha kwa `ip a`. Andika faili jipya, /etc/netplan/60-wingu.yaml:

```
network:
  version: 2
  ethernets:
    enp0s8:
      dhcp4: false
      addresses: [192.168.56.20/24]
```

Tumia nafasi, siyo tab. Usiweke gateway kwenye kadi hii, la sivyo safari za intaneti zitapita mlango usio na njia. Kisha `sudo netplan apply`, na ping 192.168.56.20 kutoka kompyuta mwenyeji. Isipojibu, usisonge mbele.

5. Zima mashine, piga snapshoti (picha ya hali ya mashine unayoweza kuirudia), iwashe tena.

6. Mtumiaji:

```
sudo useradd -s /bin/bash -d /opt/stack -m stack
sudo chmod +x /opt/stack
echo "stack ALL=(ALL) NOPASSWD: ALL" | sudo tee /etc/sudoers.d/stack
sudo -u stack -i
```

Usiruke ile chmod. Ubuntu za siku hizi hufunga folda ya mtumiaji, na usakinishaji huweza kufia njiani.

7. `git clone https://opendev.org/openstack/devstack`, ingia humo, andika local.conf:

```
[[local|localrc]]
HOST_IP=192.168.56.20
ADMIN_PASSWORD=siri
DATABASE_PASSWORD=$ADMIN_PASSWORD
RABBIT_PASSWORD=$ADMIN_PASSWORD
SERVICE_PASSWORD=$ADMIN_PASSWORD
```

8. `./stack.sh`, ukafanye mambo mengine. Ikimaliza, fungua http://192.168.56.20/dashboard.

---

kodi_mpya: Mkuu nimefuata kila kitu ila dashibodi haifunguki. Msaada wa haraka.

Mwandishi: HOST_IP yako?

kodi_mpya: 10.0.2.15

Mwandishi: Hatua ya 4.

Bundi: Haya yote ya nini? Si mtu atumie LocalStack tu?

Mwandishi: LocalStack inaigiza huduma za AWS. Ukizitaka hizo, itumie. Somo hili ni la OpenStack, kichwa kinasema.

fundi_chipukizi: Asante kwa somo. Mashine ninazozindua ndani ya wingu zinawaka kwa kujikokota, ilhali mashine pepe yenyewe ni nyepesi. Ni kwa sababu ni mashine ndani ya mashine?

Mwandishi: Umelenga. Ndani ya mashine pepe andika `grep -Ec '(vmx|svm)' /proc/cpuinfo`. Ikitoa 0, DevStack imeangukia QEMU tupu, yaani kichakataji kinaigizwa na programu. Rudisha snapshoti, kisha kwenye kompyuta mwenyeji toa `VBoxManage modifyvm wingu --nested-hw-virt on` ("wingu" ni jina la mashine yangu, weka la kwako), halafu rudia hatua ya 6 hadi 8. Ufuate mpangilio huo: snapshoti hubeba na mipangilio ya mashine, ukitanguliza amri itafutika. Kama unajaribu tu, CirrOS, Linux ya majaribio inayokuja na DevStack, ni ndogo, inavumilika hata kwa QEMU.

Tandabui: Nyongeza: endesheni stack.sh ndani ya tmux, programu inayoacha kazi iendelee hata SSH ikikatika. SSH yangu ilikatika katikati, kazi yote ikafa.

Mwandishi: Kweli kabisa, nimesahau kuliandika. Huduma ikigoma baadaye, kumbukumbu zake, kwa mfano `journalctl -u devstack@n-cpu` kwa huduma inayoendesha mashine, zitakueleza mengi kuliko dashibodi.

fundi_chipukizi: Na usiku nikitaka kuzima?

Mwandishi: Usizime, hifadhi hali kwa "Save the machine state". DevStack haikuundwa kuhimili kuwashwa upya. Asubuhi tazama `timedatectl` kwanza; saa ikiwa nyuma, tokeni zitakuchezea.