SOMO: Pima cheni kabla haijala gia zako

Habari za kazi wakuu. Mwezi uliopita kijana mmoja anayetembeza wageni kwa baiskeli kule Mto wa Mbu aliniletea baiskeli yake hapa Arusha. Kila akipanda mlima cheni inaruka. Kabla ya kuja kwangu alishauziwa direila mpya (kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni kutoka gia moja kwenda nyingine), na tatizo likabaki palepale. Nilipopima cheni nilikuta imelika kupita kiasi. Meno ya kaseti, yaani lile fungu la gia za nyuma, yamechongoka na kulalia upande mmoja kama meno ya msumeno, na chenwili ya kati, ile gia ya mbele kwenye pedeli, hivyohivyo. Angebadilisha cheni mapema, hiyo moja ingetosha. Ikabidi anunue vitu vitatu, ukiacha ile direila ambayo hakuihitaji.

Iliniuma, kwa sababu baiskeli ile ndiyo inayomlisha. Ndiyo maana nimeamua kuandika somo hili.

Kwanza tuelewane jambo moja. Tunasema cheni "imevutika", lakini chuma hakivutiki. Kila pingili imeshikwa na pini, na vumbi likichanganyika na mafuta ndani ya kiungo linasaga pini ile pamoja na tundu lake. Kila kiungo kikipata nafasi ya unywele, cheni nzima inarefuka. Ikirefuka, haikai tena vizuri katikati ya meno. Inapanda juu ya jino na kulisukuma, na jino nalo linaanza kulika kufuata cheni mbovu. Ndipo ukifunga cheni mpya juu ya kaseti ya zamani inaruka, na wewe unadhani umeuziwa cheni feki.

Hatua ya 1: Pima

Kuna kipimo maalumu cha cheni, na ukikipata kinunue. Usipokipata, chukua futi ya chuma ya fundi seremala. Ile ya kitambaa ya fundi cherehani hapana, inavutika. Usianzie kwenye ncha ya futi, maana kile kindoano cha mbele kinacheza. Anzia kwenye alama ya sentimita 10.

Shika breki ya nyuma, kandamiza pedeli kidogo ili cheni ya juu ikaze. Weka alama ya 10 katikati ya pini moja, halafu hesabu pini 24 kwenda mbele. Kwenye cheni mpya, pini ya 24 inakaa kwenye sentimita 40.48, kwa sababu kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, yaani milimita 12.7.

Ikisoma 40.63, baiskeli yenye gia 11 au 12 nyuma ibadilishwe cheni. Kwa gia 8 hadi 10 unaweza kusubiri mpaka 40.7. Ikifika 40.8 na kupita, jiandae kubadilisha kaseti pia. Tofauti hizi ni ndogo, kwa hiyo pima sehemu tatu tofauti za cheni, na uso wako uwe juu kabisa ya futi, usisome kwa kuchungulia pembeni.

Mimi nawaambia wateja wangu wapime kila mwezi wakati wa masika, na kila miezi miwili kiangazi. Anayeendesha kila siku barabara za vumbi apime zaidi ya hapo.

Hatua ya 2: Vua, osha

Tafuta pingili ya kufungulia, ile yenye umbo tofauti na wenzake, uifungue kwa plaizi. Kwa gia 6 hadi 9 pingili hii kwa kawaida unaifungua na kuirudisha mara nyingi. Kwa gia 10 kwenda juu soma maelekezo, kwani baadhi ya watengenezaji wanataka ufunge mpya kila mara.

Tia cheni kwenye chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, mimina mafuta ya taa nusu chupa, funga, tikisa dakika mbili tatu. Mafuta yakiwa meusi, yamwage kwenye chupa nyingine na urudie kwa mafuta safi. Yale meusi usiyamwage mfereji. Yaache yatulie siku mbili, uchafu utazama chini, na ya juu utayatumia tena. Fanya kazi hii nje, mbali na jiko.

Halafu ioshe cheni kwa maji ya sabuni, isuuze, ianike juani mpaka ikauke kabisa. Hapa ndipo wengi wanakosea kwa haraka. Cheni yenye maji ndani ukiipaka mafuta, umeyafungia maji humo humo.

Hatua ya 3: Mafuta, tone kwa tone

Weka tone moja kwenye kila kiungo, upande wa ndani wa cheni. Zungusha pedeli kinyumenyume dakika moja, acha robo saa, kisha chukua kitambaa kikavu ufute nje yote mpaka cheni ionekane kama haina mafuta. Kinachohitaji mafuta ni ndani ya kiungo, nje ni kukaribisha vumbi tu. Ukimaliza, ukigusa cheni kidole kitoke na doa dogo, kisitoke cheusi.

Hatua ya 4: Ukifunga cheni mpya

Kama ya zamani ilikuwa na urefu sahihi, hesabu pingili zake ufananishe. Usiilaze kando ya mpya ukakata pale inapoishia, kwani ya zamani imerefuka. Kama huiamini, zungushia mpya kwenye gia kubwa kabisa ya nyuma na kubwa kabisa ya mbele bila kuipitisha kwenye direila, tafuta ncha zake zinapokutana, ongeza inchi moja, kata hapo. Kipimo hiki ni cha fremu isiyo na shokapu ya nyuma.

Hatua ya 5: Gia

Kabla hujagusa skrubu yoyote, simama nyuma ya baiskeli uangalie lile sikio la fremu linaloshika direila. Vile vigurudumu viwili vya direila vinyooke chini ya gia kwa mstari mmoja. Baiskeli ikiangukia kulia, au ikibanwa juu ya basi, sikio linapinda, na hapo utazungusha skrubu mpaka jioni bila kupata kitu. Linyooshe hilo kwanza, ndipo uende kwenye skrubu.

Skrubu za H na L kwenye direila ni mipaka tu. H inazuia cheni isidondoke nje ya gia ndogo, L inazuia isiingie kwenye spoku. Ukishaziweka sawa, ziache. Gia zikisita kupanda kwenda kubwa, waya umelegea. Zungusha kirekebisho cha waya kinyume cha saa, robo mzunguko, jaribu tena. Zikisita kushuka kwenda ndogo, mara nyingi waya una kutu ndani ya ganda lake. Badilisha waya na ganda vyote viwili.

Pesa yako iende wapi

Haya ni maoni yangu, baada ya miaka mingi ya kufungua baiskeli za mtumba zinazoshuka kwenye makontena.

Shokapu ya mbele ya bei rahisi sikushauri kabisa. Ni nzito, inacheza upande, na ikishaingia maji inageuka chuma cha kawaida kilicho kizito kuliko foku ngumu, yaani uma wa mbele usio na shokapu. Mtu akiniletea iliyokufa, namwambia afunge foku ngumu nzuri na tairi pana ya inchi 2.1 au zaidi, aiendeshe bila kuijaza mpaka iwe jiwe. Tairi ile itapokea mashimo vizuri kuliko shokapu ile.

Breki za V, zile zinazobana rimu, zilizofungwa vizuri, zenye raba laini na waya mpya, nazipenda kuliko diski za waya za bei ya chini. Lakini rimu iwe imenyooka na isiwe imelika mpaka ina bonde. Kwa mteremko mrefu wenye tope, diski ya mafuta ndiyo breki. Hapo sibishani.

Gia tatu za mbele wengi siku hizi wanazikimbia wanataka moja. Kwa anayebeba mizigo au anayepanda kwenda Ngaramtoni kila siku, gia ile ndogo ya mbele ina thamani. Na vipuri vya gia 8 na 9 ni rahisi kupata. Direila nyingi za nyuma za Shimano za gia 7, 8 na 9 zinavuta waya kwa kiasi kilekile, kwa hiyo moja unaweza kuihamishia kwa nyingine. Ukifika gia 10 za baiskeli za milimani mambo yanabadilika.

Na grisi, jamani. Mwaka 1976 kule Marin, California, vijana walianza kushindana kushuka mlima kwa baiskeli nzito za zamani. Shindano wakaliita Repack, yaani kujaza upya, kwa sababu breki ya ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ilipata moto mpaka grisi ikaungua, na baada ya mteremko habu ilifunguliwa ikajazwa grisi upya. Sisi tuna habu ambazo hazijafunguliwa tangu zitoke kiwandani, halafu tunazipeleka kuoshwa kwa ile mashine ya kuoshea magari. Presha ile inasukuma maji moja kwa moja kwenye gololi. Osha kwa ndoo na brashi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, Iringa: Shikamoo fundi. Fundi wa mtaani kwetu anapaka cheni oili chafu ya gari, anasema ndiyo dawa. Ni kweli?

Marahaba mwanangu. Oili ile imeshabeba masizi na unga wa chuma kutoka kwenye injini, na ni nzito, inashika kila vumbi linalopita. Kama huna mafuta ya baiskeli, oili mpya ya cherehani ni afadhali, ila utaipaka mara nyingi kwa sababu ni nyepesi na mvua inaiondoa. Yule fundi usigombane naye. Mpelekee chupa yako mwenyewe, mwambie akupakie hii.

Swali, Tanga: Kaka, mimi naendesha ufukweni. Cheni inashika kutu ndani ya siku mbili. Nifanyeje?

Dada, chumvi haisubiri. Ukirudi nyumbani mwagia baiskeli maji yasiyo na chumvi bila presha, ifute, paka mafuta ya cheni siku hiyohiyo. Chagua mafuta mazito ya mvua, siyo mepesi ya kiangazi. Pia chomoa nguzo ya kiti mara mbili kwa mwaka uipake grisi. Ya alumini ndani ya fremu ya chuma ikishikana na chumvi, kuitoa ni kukata.

Swali, Nakuru: Fremu yangu ni ya 26. Naweza kufunga magurudumu ya 29?

Hapana ndugu yangu. Pale tairi inapokaa, rimu ya 26 ina kipenyo cha milimita 559, ya 29 ina 622. Inapanda zaidi ya sentimita 3 kila upande, tairi itagusa fremu, na raba za breki za V hazitaifikia rimu. Ya 27.5 ina 584, na kama una diski huenda ikaingia na tairi nyembamba, lakini tope likishika itasimama. Baki na 26. Tairi zake kwenye mtumba zipo nyingi.

Swali, Muscat: Fundi, nimetoa tyubu nikatia ile gundi ya maji ya kuziba pancha. Baada ya miezi miwili tairi zinashuka.

Joto la huko linaikausha upesi. Fungua uangalie. Ukikuta ngozi kavu na vidonge vya mpira, imekufa. Ongeza kila baada ya wiki sita hivi wakati wa joto kali, na baiskeli ikae kivulini. Beba tyubu moja kwenye mfuko hata hivyo.

Swali, Goma: Breki yangu ya Shimano ilikuwa laini, fundi mmoja akaongeza mafuta ya breki ya gari. Sasa inavuja.

Pole sana kaka. Breki za Shimano zinatumia mafuta ya madini. Ya gari ni DOT, na hayo yanavimbisha mipira ya ndani ya breki yako. Kusafisha tu hakutoshi, mipira imeshaharibika. Tafuta breki nzima, hata ya mtumba, mkono wa juu na sehemu ya chini kwenye diski, na bomba lake. Pedi nazo usizirudishe kama zimelowa, na diski ifute kwa spiriti kabla ya kufunga pedi mpya. Mpaka utakapoipata, usishuke na baiskeli hiyo mlima wowote.